Rangi Kumi na Sita

Jumamosi, 6 Machi 1999

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja. Nataka kila jambo linalohusu kompyuta liandikwe na tarehe yake, ili likiharibika lolote asipatikane mtu wa kuniambia kwamba sikumbuki vizuri.

Kompyuta niliipata kwenye mnada shirika letu lilipouzwa. Nilikuwa mchora ramani pale miaka ishirini na miwili. Wenye mali wapya walihitaji majengo tu, si vitu vilivyokuwa ndani, wala si sisi. Mimi nilichukua kompyuta, Anaeli akachukua meza mbili, tukapanga chumba kimoja Mtaa wa Swahili na kuandika mlangoni: Ramani za Nyumba. Mimi nachora. Anaeli anapeleka flopi, diski ndogo zenye michoro, Posta kwenye duka lenye mashine ya kuchapisha karatasi kubwa, anapeleka karatasi kwa wateja, anafuatilia vibali. Ndivyo ilivyokuwa hata kule shirikani.

Leo alikuja Bwana Hashil, mwenye jengo tulilolichorea ramani mwaka jana. Ameibomoa nyumba ya udongo ya marehemu baba yake Mtaa wa Sikukuu na anapandisha ghorofa nne. Wiki hii anakwenda Makka kuhiji, na akirudi anataka picha ya jengo yenye rangi, aitundike pale mbele wapangaji waione.

"Siku hizi kila mtu anataka kuona rangi," alisema. "Picha ya jengo lote, mpaka juu."

Kioo cha kompyuta yangu hakina uwezo huo. Nikiuambia ukuta uwe wa rangi ya krimu, unakuwa njano kama pipa la mafuta.

Anaeli hakupenda. "Imetufaa miaka miwili hii kompyuta. Mafundi wa mjini watakuchezea," alisema.

Nilimwona ana akili.

Jumanne, 9 Machi

Nimekwenda Mtaa wa Jamhuri, dukani kwa Shashikant. Zamani alikuwa akiuza redio. Sasa nusu ya duka ni kompyuta za mitumba na anayezitengeneza ni binti yake, Rinkal, wa miaka ishirini na kitu. Ana bisibisi nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nilimweleza. Aliuliza maswali machache, akasema: "Kompyuta yako inajua rangi kumi na sita tu. Ukiipa rangi nyingine yoyote, inatafuta iliyo karibu kati ya hizo kumi na sita. Tukiiwekea kadi ya picha, itakuonyesha maelfu."

"Na kadi yenyewe ni mpya?"

"Imetumika, lakini nzima."

Ninavyojua, neno "nzima" hutumiwa na mtu ambaye hajasema kila kitu. Anataka niiache siku tatu. Nilisema nitafikiri.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua. Dari linavuja upande wa Anaeli.

Jumatatu, 15 Machi

Nimeipeleka. Kabla ya kutoka ofisini niliandika namba za vipande vyote nilivyoweza kuviona, na juu ya kila tundu la skrubu nikabandika karatasi yenye herufi zangu, T.M. Rinkal aliziona akatabasamu kidogo.

"Nitazichana, mzee. Siwezi kuingia kupitia dirishani."

"Chana. Ila unitunzie vipande."

Baba yake, aliyekuwa anasoma gazeti, alishusha gazeti akanitazama, akalipandisha tena.

Alhamisi, 18 Machi

Nimeichukua. Rinkal anasema kadi ya kwanza haikuingia kwa sababu bodi ya kompyuta yangu ni ya zamani na haina mlango wa aina hiyo, hivyo ameweka nyingine iliyo ndogo. Kwa nini hakuyajua hayo mapema? Amenipa na flopi moja. Ndani yake, anasema, mna maelekezo ambayo kompyuta inahitaji ili iitambue kadi. Vipande vya karatasi zangu alivirudisha vyote ndani ya bahasha. Niliwaza: mtu mwenye bidii hivyo ya kurudisha takataka, anaficha nini?

Nimefika ofisini, nimewasha. Kioo cheusi. Hakuna kitu.

Anaeli aliendelea kupanga karatasi zake. Ningekuwa mimi ningesema "nilikwambia."

Ijumaa, 19 Machi

Nimempigia Rinkal kwa simu ya dukani kwa jirani. Nilijiandaa kwa visingizio. Saa tano alikuwa mlangoni, viatu mkononi, suruali imeloa mpaka magotini, maana Mtaa wa Msimbazi umejaa maji. Alifungua, akachomoa kipini kidogo kwenye bodi, akakirudisha kwa kukigeuza. Kioo kikawaka.

"Ilikuwa bado inatumia picha yake ya zamani," alisema. "Kosa langu. Nilipojaribu dukani niliikata, kisha kwa kusahau nikairudisha."

Fundi kukiri kosa ni jambo ambalo sijalizoea. Nikaliongeza kwenye orodha ya mashaka.

Rangi bado kumi na sita. Alitaka kuweka maelekezo ya ile flopi hapo hapo, lakini umeme ulikatika. Akasema nifuate hatua tatu alizoniandikia.

Jumamosi, 20 Machi

Flopi haipo.

Jumatatu, 22 Machi

Nimetoa kila droo. Niliiweka juu ya meza, kando ya rula ndefu, hilo nina hakika nalo. Anaeli amenisaidia kutafuta mpaka chini ya mkeka. Ameuliza, "Una hakika alikupa?" Sasa hata hilo sina hakika nalo. Huenda ni bahasha ya karatasi tu aliyonipa, na flopi ni maneno.

Nyumbani, Blandina alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mume wangu, kama ungekuwa askari, gereza lingejaa." Akaenda kuangalia maharage.

Jumatano, 24 Machi

Nimepita Mtaa wa Sikukuu. Jengo la Hashil limefika ghorofa ya nne, na jamvi la zege la juu kabisa limeshamwagwa. Pale ndipo ramani yangu inapokoma. Lakini juu ya jamvi, kwenye kila nguzo, nondo zimetokeza kimo cha mtu mzima. Nondo huachwa hivyo pale tu nguzo inapotarajiwa kuendelea.

Msimamizi alisema hajui, yeye anafuata karatasi aliyopewa, na karatasi imefungiwa kwenye sanduku la tajiri.

Nimemuuliza Anaeli. "Za tangi la maji," alisema. "Hashil aliniambia kabla ya kusafiri."

Tangi moja halihitaji nguzo kumi na mbili. Lakini aliyesema ni Anaeli.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Sikukuu ya Idi ya Wapemba wa mtaani imepita na maji miguuni. Hakuna mteja.

Jumanne, 6 Aprili

Nimepita tena. Zile nondo zimevishwa mbao na kumwagwa zege. Ghorofa ya tano ina nguzo, na mafundi wanapandisha mbao za jamvi lake. Sasa nimeelewa: Hashil ametafuta mchoraji mwingine, wa bei ya chini, akamwongezea ghorofa juu ya kazi yangu, kisha akaenda kutubu Makka. Msingi wangu ni wa ghorofa nne. Nguzo zangu za chini nilizipima kwa ghorofa nne. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua.

Nilimwambia Anaeli kwamba nitakwenda kulalamika kwenye ofisi ya vibali.

"Ngoja Hashil arudi," alisema. "Usimchafulie mtu jina akiwa hayupo."

Nimengoja. Nimeandika hapa kwamba nimengoja, na sababu ilikuwa hiyo.

Ijumaa, 9 Aprili

Nimempigia Rinkal kuhusu flopi. Nilisema haikuwamo kwenye bahasha. Akasema, "Mzee, nilikupa mkononi. Lakini si neno, nitakuja na nyingine Jumanne, nitaiweka mwenyewe."

Jumanne, 13 Aprili

Naandika haya saa nane mchana, mlango nimeufunga kwa ndani.

Rinkal alifika saa nne. Anaeli alikuwa Posta. Kazi ilimchukua robo saa. Alizima, akawasha, na kioo kikarudi kikiwa kitu kingine. Sikuwa najua kwamba kijivu ni rangi nyingi. Alinionyesha mistari ya rangi imepangwa kama vitambaa dukani, kutoka nyeupe mpaka nyeusi, hatua kwa hatua.

"Fungua kazi yako yoyote," alisema. "Tuone kama inafanya haraka."

Nilifungua jengo la Hashil, kwa kuwa ndilo la kutiwa rangi. Mistari yangu ilitokea kama kawaida juu ya weusi wa kioo: ukuta mweupe, milango kijani, vipimo njano. Ghorofa nne. Nilikuwa nataka kufunga.

"Na hizi, mzee?"

"Zipi?"

Aliweka kidole juu ya paa langu. Palikuwa na mistari myembamba ya kijivu kizito, kama masizi. Kwanza nilidhani ni uchafu wa kioo, nikafuta kwa leso. Haikutoka. Nikavuta picha karibu. Nguzo. Madirisha. Ngazi. Jamvi, na juu yake jamvi jingine. Ghorofa ya tano na ya sita, zimechorwa juu ya kazi yangu, ndani ya faili langu, ndani ya kompyuta yangu.

Sijui nilisimama vipi. Nilichokisema nakikumbuka vizuri mno.

"Ulikuwa nayo siku tatu."

"Samahani?"

"Kompyuta. Ulikuwa nayo siku tatu dukani kwenu. Hashil anafahamiana na baba yako? Nani alikwambia uongeze?"

Hakupandisha sauti. Uso wake uliiva, akashika kipanya, akabonyeza mara mbili tatu. "Soma hapa, mzee. Faili hili limebadilishwa mara ya mwisho tarehe ishirini na saba Januari. Mimi kompyuta hii nimeiona Machi."

Nilisoma. Ishirini na saba Januari. Kazi yangu niliimaliza Novemba.

"Kwa nini sikuona?" nilimuuliza, na yeye akanijibu, ingawa hakuwa na deni la kunijibu.

"Rangi hii haimo kwenye zile kumi na sita. Kompyuta yako ilikuwa inaigeuza iwe iliyo karibu nayo, ambayo ni nyeusi. Nyeusi juu ya nyeusi. Lakini ukichapisha, mistari yote inatoka kwa wino mmoja. Kwenye karatasi inaonekana kama mingine."

Aliviringisha waya zake, akatia bisibisi mfukoni. Mlangoni alisema, "Aliyechagua rangi hii alijua kioo chako." Akaondoka bila kusema kwaheri.

Nimekaa nikiitazama ile ngazi. Mshale wa kupanda umeanzia kushoto na una mkia uliopinda. Ni mtu mmoja tu ninayemjua anayechora mshale wa ngazi hivyo. Kule shirikani nilikuwa nikimsahihisha kwa penseli nyekundu mbele ya watu.

Jumatano, 14 Aprili

Nilimngoja. Aliingia saa tatu, akatikisa mwavuli, akaona kioo. Sikuwa nimesema neno. Alivuta kiti akakaa, mwavuli bado mkononi ukimchuruzikia miguuni.

"Flopi ya Rinkal uliichukua wewe," nilisema.

"Ndiyo."

"Na hii."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Anaeli?"

Aliulaza mwavuli sakafuni. "Desemba nilimpelekea Hashil karatasi zake. Akaniuliza, wewe fundi, inawezekana kuongeza mbili? Aliniita fundi, Tarsis. Hakusema kamuulize mwenzako. Aliniuliza mimi."

"Ukamwambia inawezekana."

"Nilipiga hesabu."

"Ulipiga vibaya. Nguzo za chini hazitoshi. Msingi hautoshi."

"Niliona zinatosha." Sauti yake ilishuka. "Nilichorea kwenye kompyuta za lile duka la Posta, siku nne, chakula cha mchana nilikuwa sili. Halafu nikairudisha humu, kwa rangi usiyoiona. Ningeweza kuifuta. Sikutaka kuifuta. Nilitaka ikae."

"Ungeniambia."

"Ungecheka."

Nilitaka kukataa. Nikakumbuka penseli nyekundu, sikukataa.

Nilimuuliza ilikuwaje Hashil akaipokea karatasi bila sahihi yangu. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Sahihi yako ipo pale," alisema. "Ulitia mwenyewe. Nilikuletea karatasi imeviringishwa, nikakufungulia pembe ya chini, ukasaini huku unazungumza na mteja. Hukuikunjua."

Kisha akachukua mwavuli wake akatoka.

Nimeweka karatasi kwenye matundu ya skrubu. Nimehesabu vipande vilivyochanika. Nimemshuku binti aliyekuja kwa miguu ndani ya mafuriko. Na karatasi yenye ghorofa sita nimeitia sahihi kwa kuona pembe yake, kwa sababu aliyeishika ni Anaeli.

Alhamisi, 15 Aprili

Hashil amerudi juzi. Nilimkuta kwake, bado anapokea wageni wa kumpongeza. Nilikwenda nikiwa na maneno makali ya wiki tatu na sikupata pa kuyaweka. Alifungua sanduku, akakunjua karatasi juu ya zulia, akanionyesha pembe.

"Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu, Alhaji."

"Kijana wako alisema umekubali. Ningejuaje mimi? Mimi nauza vitambaa."

"Hukujua. Hujakosa."

Nilimwambia asimamishe kazi leo hii, mafundi washuke wote, na majirani wa nyuma ya jengo wahame kwa muda. Alinisikiliza akiwa ameshika tasbihi bila kuihesabu. Mkewe, Bi Mauza, alikuwa amesimama kwenye pazia. Ndiye aliyesema, "Hashil, pale nyuma kuna wanawake wanauza chapati kila asubuhi na watoto wao. Simamisha." Akaenda kuvaa viatu.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimekwenda ofisi ya vibali na karatasi zote mbili, ya ghorofa nne iliyopitishwa na ile ya Hashil ya ghorofa sita ambayo haikufikishwa kwao. Mhandisi aliuliza nani aliyechora nyongeza. Nilisema imetoka ofisini kwangu na sahihi ni yangu. Aliuliza tena nani aliyechora. Nikarudia vile vile. Aliandika.

Blandina, nilipomweleza, hakufanya mzaha. Aliniuliza kama watanifunga. Nilisema sijui.

Jumatano, 21 Aprili

Mvua. Jengo limezungushiwa kamba. Anaeli hajaonekana.

Jumatano, 28 Aprili

Wahandisi walikuja kupima. Kwenye nguzo ya tatu upande wa nyuma, ghorofa ya chini, kuna ufa unaopita unene wa kucha. Jamvi la ghorofa ya tano lilimwagwa tarehe kumi, na mbao bado ziko chini yake. Mhandisi mkuu alisema kama kazi ingeendelea wiki mbili nyingine, wapandishe matofali na jamvi la sita, hakuna ambaye angekuwa na cha kupima. Limeamriwa lishushwe mpaka nne, na nguzo za chini zivishwe zege jipya. Mimi nimezuiwa kupeleka ramani ofisini kwao kwa mwaka mzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa makubwa zaidi.

Jumatatu, 3 Mei

Nimekwenda Mtaa wa Jamhuri. Shashikant alinyanyuka alipoiona sura yangu, akakaa tena, na safari hii hakupandisha gazeti. Rinkal alikuwa ameinamia kompyuta iliyofunguliwa.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema. "Nilikutuhumu kwa jambo zito, mbele ya uso wako, na wewe ndiye uliyenionyesha."

Aliendelea kukaza skrubu mpaka ikaisha. "Niliumia, mzee," alisema. "Si kwa sababu ulinishuku. Wateja wote wananishuku. Wanaona msichana na bisibisi. Niliumia kwa vile nilikuonyesha kwa nia njema."

"Najua."

"Jengo vipi?"

Nilimweleza. Akasikiliza huku bisibisi imesimama. Nilipofika kwenye wale wauza chapati alimtazama baba yake, wakasemezana kidogo kwa lugha yao. Kisha akaleta kiti, na baba yake akaagiza chai.

Jumamosi, 8 Mei

Wameanza kubomoa. Vijana wanne na nyundo kubwa. Kila kipande kinashushwa kwa kamba na ndoo. Hashil anasimama chini kutwa nzima. Hajanitukana hata mara moja, na ningependa angenitukana.

Jumamosi, 15 Mei

Mvua zinapungua. Blandina amefua mapazia.

Jumamosi, 22 Mei

Anaeli amekuja kuchukua vitu vyake. Amekonda. Amepata kazi ya kupokea mizigo kwa wakala mmoja wa bandarini. Alikusanya kalamu, mhuri, kikombe. Nilimwachia afanye, kisha nikamwambia akae.

Niliwasha kompyuta, nikafungua jengo la Hashil, nikavuta karibu zile ghorofa mbili. Kwa wiki hizi zote nilikuwa nimezitazama kama polisi anavyotazama alama za vidole. Leo nilizitazama kama ramani. Nguzo ni makosa, na makosa yale yangeua watu. Nilimwambia hivyo wazi, naye akaitikia kwa kichwa. Lakini ngazi alikuwa ameigeuza ipande ukutani mwa mashariki, ikaacha ukumbi mpana wenye mwanga wa pande mbili. Kwenye ghorofa zangu nne, ukumbi ni kichochoro cha giza. Sikuwa nimeliona hilo hapo mwanzo wala hapo katikati.

"Hii ngazi ni nzuri," nilisema. "Ni nzuri kuliko yangu."

Aliitazama kwa muda mrefu. Nadhani hata yeye hakuwahi kuiona kwenye kioo hiki.

"Ningekuletea Januari," alisema, "ungeniambia hivyo?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa miaka ishirini na miwili inastahili jibu la kweli.

"Hapana," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa tena, akachukua sanduku lake, na mimi nikamshikia mlango.